Lenzi ya Mbali kwa Mfuko Mdogo: Kikundi Kinunue Ipi?



Kijana mmoja wa kikundi fulani huku nyanda za Kitengela alishuka kwenye pikipiki ili apige picha ya nyati kwa simu. Nyati alikuwa peke yake, amesimama kando ya kichaka. Kwenye simu alionekana kama jiwe jeusi tu, basi kijana akasogea hatua kumi. Bado jiwe. Akasogea tena. Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi ng'ambo ya korongo akampigia kelele: "Wewe kijana, rudi! Huyo hapigwi picha, huyo hukimbiwa!" Kijana akarudi mbio, nyati naye akaja. Mtu alipona kwa kupanda mti, lakini pikipiki haikupona, na ilikuwa ya mkopo.

Kikundi hicho kilikuwa na kamera, zawadi ya mgeni mmoja, yenye lenzi fupi ya kawaida. Baada ya kisa cha nyati, wanachama walikubaliana kuchanga wanunue lenzi ya mbali, yaani ile ndefu inayovuta kitu cha mbali kikaonekana karibu. Wakaniomba niwasindikize Nairobi. Tulikwenda watu watatu kwa matatu: mama mweka hazina, yule kijana, na mimi. Pesa zilikuwa zimefungwa kwenye leso ya mama.

Dukani tuliuliza swali moja tu: "Hii inaingia kwenye kamera yetu?" Tukajibiwa, "Inaingia." Na kweli iliingia. Tulipofika nyumbani ndipo tukaona haifokasi yenyewe. Kamera inabonyezwa, lenzi imenyamaza kama mtu aliyenuna. Tuliporudi dukani tulionyeshwa maneno kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Tuliiuza kwa hasara. Hiyo hasara ilikuwa jasho la watu ishirini, na aliyewasindikiza ni mimi mwenye diploma. Mama mweka hazina hakunilaumu. Alisema tu, "Sasa tumelipa karo, tusome."

Haya ndiyo tuliyosoma. Nayaandika ili kikundi chako kisilipe karo hiyo mara ya pili.

1. KWANZA ULIZENI: KAZI NI GANI?

Msianze na duka. Anzeni na mkutano. Kila mwanachama aseme lenzi itafanya kazi gani, na katibu aandike. Mtaona kwamba kazi nyingine hazihitaji lenzi ya mbali hata kidogo.

Ng'ombe akiuawa na simba au mbuzi akiliwa na fisi, picha ya mzoga hupigwa karibu, na simu inatosha. Piga mzoga wote, majeraha, nyayo, na sehemu ya boma iliyovunjwa. Msiusogeze mzoga kabla maofisa wa KWS hawajafika. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inatoa njia ya kudai fidia, na picha safi pamoja na ripoti ya mapema husaidia. Kwa kazi hiyo msinunue lenzi.

Harusi na ubatizo ndani ya ukumbi pia si kazi ya lenzi ndefu ya bei nafuu. Ndani kuna giza, na lenzi hizo hupenda mwanga. Lenzi fupi ya milimita 50 yenye tundu kubwa, inayoandikwa f/1.8, ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa kwa kampuni nyingi, nayo ukumbini itawashinda ndugu zake warefu.

Lenzi ya mbali inahitajika pale ambapo huwezi kusogea, au hufai kusogea. Hapa kwetu sababu ni nyingi. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 tu, na upande wake wa kusini hauna ua kama pande nyingine. Wanyama huvuka mto wakaja kwenye mashamba yetu ya Kitengela na kuendelea kuelekea Isinya na Kapiti. Nyumbu na pundamilia hufuata majani, na simba hufuata nyumbu. Akikosa nyumbu, hufuata ng'ombe.

Matokeo yake tunayajua. Mwezi Juni 2012 simba sita waliuawa hapa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Mwezi Machi 2016 simba dume aliyejulikana kama Mohawk alipigwa risasi karibu na Isinya, baada ya kumjeruhi mtu mbele ya umati uliokusanyika. Watu wakitaka kumwona simba kwa karibu, mara nyingi simba hufa, na wakati mwingine mtu naye huumia. Mwenye lenzi ya mbali hukaa garini au nyuma ya jiwe akaifanya kazi yake, na kila mtu akaenda zake.

Kuna faida nyingine ambayo vikundi vichache vinaijua. Simba hutambulika kwa uso kama sisi. Tazama shavu lake mahali ndevu zinapotokea: kuna mistari ya vidoa vyeusi. Namna vidoa vya mstari wa juu vilivyopangwa juu ya vile vya mstari wa chini yake hutofautiana kati ya simba na simba, wala haibadiliki akizeeka. Njia hii ilielezwa mwaka 1970 na watafiti wawili, Pennycuick na Rudnai, na huyu Judith Rudnai aliwachunguza simba wa Mbuga ya Nairobi hii hii iliyo jirani yetu. Kikundi chenye picha safi za shavu la kushoto na la kulia kinaweza kuweka daftari: simba huyu alionekana wapi, siku gani, akiwa na nani. Mtu akisema, "Simba wote ni wezi," daftari litajibu kama kweli ni wote au ni mmoja.

Pundamilia hutambuliwa kwa milia, na twiga kwa mabaka. Kwa kikundi kinachoongoza wageni au kinachotaka kuuza kadi za picha, hiyo nayo ni elimu ya kumpa mgeni.

2. NAMBA ZILIZOANDIKWA KWENYE LENZI

Lenzi ina namba za aina mbili, nazo si ngumu.

Namba ya kwanza ni milimita: 55-250, 70-300, 150-600. Namba ikikua, lenzi inavuta zaidi lakini inaona sehemu nyembamba zaidi. Zikiwa namba mbili, hiyo ni lenzi ya zumu: unaizungusha kutoka fupi kwenda ndefu.

Chukua mfano wa uwanja wa mpira. Simama goli moja, mnyama awe goli la pili, yaani karibu mita 100. Kwa kamera ya kawaida ya Canon yenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), upana wa eneo linalojaa kwenye picha ni kama hivi:

- Milimita 18: zaidi ya mita 120. Utaona uwanda mzima, na simba kama nukta.
- Milimita 55: mita 40.
- Milimita 250: mita 9 hivi.
- Milimita 300: mita 7 na nusu hivi.
- Milimita 400: mita 5 na nusu hivi.
- Milimita 600: chini kidogo ya mita 4.

Simba jike, bila mkia, ni mita moja na nusu na zaidi. Kwa milimita 250, akiwa goli la pili atachukua kama sehemu moja ya sita ya picha. Utajua ni simba na utaona anafanya nini, lakini vidoa vya shavu hutavihesabu. Akiwa katikati ya uwanja, mita 50, atakuwa mkubwa mara mbili. Tazameni pia kwamba kutoka 250 hadi 300 hakuna tofauti kubwa. Msilipe pesa nyingi kwa ajili ya hiyo hamsini peke yake.

Namba ya pili huandikwa na herufi f, kama f/4 au f/5.6. Hii ni tundu la mwanga. Fikiria dirisha la nyumba: dirisha kubwa, mwanga mwingi. Hapa hesabu imegeuka: namba ikiwa ndogo, dirisha ni kubwa. f/4 huingiza mwanga mara mbili ya f/5.6, na f/2.8 mara nne. Lenzi ndefu zenye f/2.8 ndizo zile kubwa mnazoziona kando ya uwanja wa mpira kwenye televisheni. Bei yake inaweza kununua ng'ombe kadhaa, basi tuwaachie wenyewe. Lenzi nyingi za mfuko mdogo huanza f/4 zikiwa fupi na kufika f/5.6 au f/6.3 zikivutwa mpaka mwisho. Mchana wa Kajiado zinatosha kabisa. Magharibi jua likizama zinaanza kulalamika.

Kuna jambo la tatu ambalo si namba: kizuia mtetemo. Lenzi ndefu hukuza mnyama, na hukuza pia kutetemeka kwa mkono wako. Canon huandika IS, Nikon huandika VR, Tamron VC, Sigma OS. Kwa mwenye pesa kidogo, ushauri wangu ni huu: ukilazimika kuchagua kati ya milimita 300 bila kizuia mtetemo na milimita 250 yenye nacho, chukua ya 250. Picha ndogo iliyo safi ni bora kuliko kubwa yenye ukungu. Lakini kumbukeni, kizuia mtetemo hutuliza mkono wako tu. Hakimtulizi swala anayekimbia.

3. KAMERA YENU IMEOA KABILA GANI?

Hapa ndipo tulipoangukia sisi. Lenzi na kamera ni kama nati na skurubu: kila kampuni ina mdomo wake. Lenzi ya Canon haiingii Nikon, wala ya Nikon haiingii Canon. Sigma na Tamron hutengeneza lenzi za midomo mbalimbali, kwa hiyo lazima useme unataka ya kamera gani.

Canon: Lenzi zenye herufi EF zilianza mwaka 1987, nazo huingia kwenye kamera zote za EOS zenye kioo cha ndani. Zile za EF-S ni za kamera zenye sensa ndogo tu. Kamera mpya zisizo na kioo, zilizoanza mwaka 2018, hutumia mdomo wa RF. Lenzi ya EF huweza kutumika huko kwa kipande cha kuunganisha, lakini lenzi ya RF hairudi kwenye kamera ya zamani.

Nikon: Mdomo wake wa F ni wa tangu 1959, na lenzi nyingi za zamani zinaingia. Lakini kuingia si kufanya kazi. Kamera ndogo za jamii ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani yake. Zinahitaji lenzi yenye mota yake, iliyoandikwa AF-S au AF-P. Ikiandikwa AF peke yake, utafokasi kwa mkono. Nazo zile za AF-P hazifanyi kazi vizuri kwenye kila kamera ya zamani. Kamera mpya zisizo na kioo za Nikon, kuanzia 2018, zina mdomo wa Z.

Kwa hiyo swali la dukani lisiwe "Inaingia?" Swali ni: "Inaingia, inafokasi yenyewe, na tundu linafanya kazi kwenye kamera HII?" Na kamera yenyewe muwe mmeibeba.

Kuna habari njema. Kwa sababu kampuni hizo sasa zimeelekea kwenye kamera zisizo na kioo, wapiga picha wengi wanauza lenzi zao za zamani. Lenzi hizo hazijaharibika, ni mwenyewe tu amehama. Kwa kikundi chenye kamera ya zamani huo ni wakati mzuri wa kununua.

4. NJIA ZILIZOPO KWA MFUKO MDOGO

Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo sitaandika bei. Nazipanga kuanzia chini kwenda juu.

Njia ya kwanza: zumu ndogo iliyokwisha tumika. Kwa Canon yenye sensa ndogo, ni EF-S 55-250 IS. Ilitoka kwa matoleo matatu, na la mwaka 2013 lenye herufi STM ndilo zuri zaidi, fokasi yake ni ya haraka na kimya. Kwa Nikon iko 55-200 VR, na 70-300 AF-P yenye VR kwa kamera zinazoikubali. Ni nyepesi, mtu anaibeba kutwa nzima. Kwa vikundi vingi safari ianzie hapa, na wengine wataishia hapa bila majuto. Angalizo: Canon ina lenzi nyingine inayoitwa 75-300 ambayo kwa kawaida huuzwa bila IS. Namba ni kubwa, bei ni ndogo, na wengi huvutwa na hiyo 300. Soma herufi zote kabla ya kufungua mkoba.

Njia ya pili: kamera moja yenye zumu ndefu isiyotoka. Mfano ni Nikon P900 ya mwaka 2015, ambayo zumu yake ni mara 83. Huna haja ya kununua lenzi wala kubadilisha chochote. Kwa kutambua mnyama wa mbali mchana inashangaza watu. Lakini sensa yake ni ndogo sana, hivyo alfajiri na magharibi picha huwa na chengachenga, na mnyama anayekimbia huipita. Kikundi kisicho na kamera kabisa kiifikirie njia hii.

Njia ya tatu: 70-300 yenye kizuia mtetemo ya kampuni kubwa au ya Tamron. Ni hatua moja juu, na nyingi zinafaa hata mkija kununua kamera ya sensa kubwa.

Njia ya nne: 150-600 ya Sigma au Tamron. Hizi ndizo zilizofungulia watu wa kawaida mlango wa picha za wanyama. Zina uzito wa kilo 2 hivi, na bei yake ni mara kadhaa ya njia ya kwanza. Ninunuliwe lini? Pale tu kikundi kinapokuwa na kazi ya kulipwa inayoihitaji, si kabla.

Msinunue vile vipande vya kuongeza urefu vinavyowekwa katikati ya lenzi na kamera. Cha mara mbili hula robo tatu ya mwanga. Lenzi ya f/5.6 inakuwa f/11, na kamera nyingi za zamani zinashindwa kufokasi. Na zile lenzi ndogo za kubana kwenye simu, zinazouzwa barabarani, waachieni watoto wachezee.

Kumbukeni kijana wa hapa Kitengela, Richard Turere, aliyetengeneza taa za kuwafukuza simba kwa betri ya gari, balbu za tochi na kifaa cha indiketa ya pikipiki. Dunia ilimsikiliza kwenye jukwaa la TED mwaka 2013. Kilichowafukuza simba hakikuwa bei ya vifaa, bali alijua vizuri shida anayoitibu.

5. MKINUNUA ILIYOTUMIKA

Nendeni watu wawili au zaidi, mchana, na kamera yenu, betri iliyojaa, na tochi. Fanyeni haya kwa utaratibu, hata muuzaji akiharakisha:

Moja. Mulika tochi ndani ya lenzi upande mmoja, utazame upande wa pili. Ukiona kitu kama utando wa buibui, huo ni ukungu wa kuvu. Huota lenzi ikiwekwa mahali penye unyevu, kwa mfano pwani. Acha. Vumbi kidogo halina neno.

Mbili. Tazama kioo cha nyuma. Mkwaruzo wa nyuma ni mbaya kuliko wa mbele.

Tatu. Zungusha zumu mpaka mwisho na kurudi. Isikwame, isisage kama ina mchanga.

Nne. Tazama ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye kamera. Ikiwa na skurubu zilizochubuka, imefunguliwa na fundi. Uliza kwa nini.

Tano. Weka kwenye kamera. Piga picha ya kibao cha duka ng'ambo ya barabara kwa urefu wote wa lenzi. Kikuze kwenye skrini: herufi za katikati zisomeke, na za pembeni zisiwe upande mmoja safi na mwingine ukungu.

Sita. Washa kizuia mtetemo, bonyeza nusu, sikiliza. Picha ndani ya kioo hutulia kama mtoto aliyepewa titi.

Saba. Risiti iwe na namba ya lenzi, jina la muuzaji na siku ngapi mnaruhusiwa kuirudisha. Asiyetaka kuandika hayo, mwachieni lenzi yake. Isije ikawa ya wizi nanyi mkaitwa kituoni.

Kama inawezekana, kodisheni lenzi ya namna hiyo kwa siku moja kabla ya kununua. Nairobi wako wanaokodisha. Siku moja ya uwanda itawaambia mengi kuliko makala hii.

6. PESA NI YA WATU

Kikundi cha watu 20, kila mtu akitoa shilingi 200 kwa mwezi, kinapata 4,000 kwa mwezi na 48,000 kwa mwaka. Nashauri msikope kwa ajili ya lenzi. Lenzi haizai kama mbuzi. Inazaa tu ikiwa mtu anaitumia.

Na msimalize pesa zote kwenye lenzi. Wekeni kando ya mfuko, kitambaa, betri ya pili na memori kadi, na kiasi cha matengenezo. Kabla ya kununua, mkubaliane kwa maandishi: Nani anaitunza? Nani anaruhusiwa kuitoa, na anatia sahihi wapi? Ikivunjika kwa ajali nani analipa, na ikivunjika kwa uzembe je? Picha ikiuzwa, mpigaji anapata sehemu gani na kikundi sehemu gani? Nimeona vikundi vikivunjika kwa ajili ya cherehani moja. Lenzi ni ndogo kuliko cherehani, na hupotea kwa urahisi zaidi.

Wafundisheni watu watatu au wanne, akina mama wakiwemo. Chombo kinachojulikana na kijana mmoja tu si cha kikundi, ni cha kijana. Akipata kazi Mombasa kitabaki sandukuni.

7. KUITUMIA KATIKA NCHI YETU

Saa sita mchana huku kwetu hewa huchemka juu ya ardhi. Utaona pundamilia anacheza kama yuko ndani ya maji. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayoponya hiyo. Piga picha asubuhi hadi saa tatu, au kuanzia saa kumi alasiri.

Kasi ya kamera isiwe chini ya urefu wa lenzi. Kwa sensa ndogo zidisha kwa moja na nusu: lenzi ya 250 ianzie kama sehemu ya 400 ya sekunde. Mnyama akikimbia, nenda 1,000 au zaidi. Chukua mfuko wa kitambaa, ujaze maharage kilo mbili, uweke juu ya dirisha la gari au jiwe, na lenzi juu yake. Ni stendi bora kwa bei ya maharage, na hamna hasara, siku ya mwisho mtayapika.

Vumbi ni adui. Msibadilishe lenzi upepo ukivuma. Ingieni garini, au geuzeni kamera mdomo chini. Pulizeni vumbi kwanza kwa pampu ndogo ya mpira kabla ya kupangusa. Ukipangusa na mchanga uko, unakwaruza.

Na lenzi ya mbali isiwe sababu ya kusogea. Wengine wakishaona mnyama amekaribia kwenye kioo hutaka akaribie zaidi. Wekeni sheria: hakuna kushuka garini penye simba, nyati au tembo, na hakuna kupiga picha peke yako kwa miguu. Picha ya kifaru isisambazwe pamoja na jina la mahali, kwa maana majangili nao wana simu. Mkitaka kuuza picha zilizopigwa ndani ya mbuga, ulizeni KWS masharti kwanza. Na watu ni vivyo hivyo: lenzi ndefu isitumike kumwibia mtu sura yake. Mama akiwa kisimani au mzee akiwa katika sherehe, ombeni ruhusa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatambua haki hiyo, na heshima yetu iliitambua kabla ya sheria.

Yule kijana wa nyati ndiye leo anayewafundisha wenzake. Kikundi kilinunua 55-250 iliyotumika, baada ya kuipima kwa tochi kwa muda mrefu hata muuzaji akaleta viti. Mwezi uliopita alinionyesha picha ya simba jike, shavu la kushoto, vidoa vinahesabika. Nikamuuliza, "Ulikuwa umbali gani?" Akacheka. "Sikushuka garini, mwalimu. Pikipiki bado nailipia."

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Andikeni kazi tatu ambazo mngetumia lenzi ya mbali. Ni zipi ambazo simu au lenzi fupi ingetosha?
2. Kamera yenu ni ya kampuni gani, na mdomo wake ni upi? Nani atahakikisha kabla ya kwenda dukani?
3. Lenzi ikianguka kesho, kanuni zenu zinasema nini? Kama hazisemi kitu, ziandikeni leo.
4. Ni nani katika eneo lenu anayejua wanyama wanapopita, lakini hajawahi kuulizwa? Mwiteni kwenye mkutano ujao.